Wagyu ya Tottori yenye stika ya Oleini 55: inastahili hela yake?

Nianze na bei kabisa ili mwenye pochi ya mwanafunzi kama mimi ajue mapema. Gramu 100 za sarloini ya Wagyu (ng'ombe wa nyama wa Kijapani) ya Tottori kwenye kaunta ya nyama ya supamaketi huku zinacheza kwenye yeni 1,500 mpaka 2,000 na kitu, bega na paja zinashuka kidogo, na ukiamua kwenda kukaa mgahawani, ile migahawa ya yakiniku ambayo jiko liko katikati ya meza na unajichomea mwenyewe, unaletewa visahani vyenye vipande vyembamba vitano vitano na ukitoka pale umeacha hela ambayo nyumbani unanunua mbuzi na mtaa unakula. Sijasema msile. Nasema mjue.

Kwa wasioijua, Tottori ni mkoa wa pwani ya Bahari ya Japani, una watu wachache kuliko mikoa yote ya nchi hii, na ufukweni una milima ya mchanga utadhani uko jangwani, ndo maana chuo kikuu cha hapa kina kituo cha utafiti wa ardhi kame na ndo maana Waafrika hatukosekani. Mimi nasomea mambo ya malisho, kwa hiyo nyama kwangu ni kazi na ni starehe vilevile. Watu wakisikia Wagyu wanawaza nyama ya Kobe tu, na mimi nilikuja na hiyo akili, kumbe hawa wa Tottori wana historia yao nzito na wana kitu kimoja ambacho wengine wengi hawakiandiki kwenye pakiti: wanakwambia mafuta ya ng'ombe huyu ni ya aina gani.

Hapo ndo pa kuelewa vizuri, maana watu wengi wanaliwa hela kwenye A5, lile daraja la juu kabisa la nyama huku Japani.

Hiyo A5 iko hivi. Herufi A ni kiwango cha nyama inayopatikana kwenye mzoga, wewe mlaji haikuhusu hata kidogo, ni ya mwenye bucha. Namba 5 ndo ubora. Mpimaji anakata mzoga kati ya mbavu ya 6 na ya 7, anaangalia yale mafuta yaliyotawanyika ndani ya nyama kama yamefuma vizuri, anaangalia rangi ya nyama, uimara wake, na rangi na mng'ao wa mafuta. Yale mafuta ya ndani yana kipimo chake cha 1 mpaka 12, na ili ufike 5 lazima uanzie 8 kupanda. Sasa angalia ujanja ulipo: kipimo chote hicho ni cha macho, kinakwambia mafuta ni MENGI kiasi gani na yamekaaje, hakikwambii mafuta yenyewe yameundwa na nini. Mafuta magumu ya kuganda na mafuta laini yakiwa meupe sawasawa na yakiwa mengi sawasawa yanapata alama ileile. Na wafugaji wa Japani wameshakuwa mabingwa wa kuongeza hayo mafuta kiasi kwamba siku hizi zaidi ya nusu ya maksai wa Wagyu weusi wanaopimwa wanatoka na daraja la A5. Sasa kitu ambacho zaidi ya nusu wanakipata unakilipia kwa ufahari gani bwana?

Stika ya Oleini 55 inafanya kitu kingine. Kwenye machinjio wanachukua kifaa kidogo chenye mwanga usioonekana, ule wa infraredi, wanakigusisha kwenye mafuta ya mzoga, na kinasoma asilimia ya asidi ya oleiki, ambayo ni aina ya mafuta laini. Ikifika 55 kwenda juu, na ng'ombe awe wa ukoo wa dume maarufu la hapa linaitwa Ketaka, anapewa stika. Akikosa hapati, hata kama ni A5. Mimi kwa kweli hii nimeipenda kuliko kitu chochote kwenye biashara nzima ya nyama huku, kwa sababu ni namba ambayo ulimi wako unaweza kuihakiki.

Kila Mtanzania aliyekunywa supu ya ng'ombe anajua mafuta ya kuganda. Supu ikipoa tu unaona utando mweupe juu, mgumu, ukinywa unakwama kwenye paa la mdomo mpaka utafute chai ya moto. Ule ugumu kwa sehemu kubwa unaletwa na asidi mbili, palmitiki na stiariki, ambazo zikiwa peke yake zinayeyuka kwenye joto la kama 63 na 69. Mdomo wako una joto la 37, hauwezi kuziyeyusha. Asidi ya oleiki yenyewe inayeyuka kwenye joto kama la 13 hivi, yaani hata mezani tu ni kimiminika, ndo hiyohiyo iliyojaa kwenye mafuta ya zeituni. Kwa hiyo kadiri oleiki inavyozidi kwenye mchanganyiko ndivyo mafuta yanavyoyeyukia mdomoni badala ya kugandia mdomoni. Nilikata kipande cha mafuta ya hii nyama mbichi nikakibana kwa vidole nikiwa naongea na mtu kwenye simu, kabla hatujamaliza salamu vidole vinateleza. Jaribu hivyo na mafuta ya kidari cha Vingunguti uone.

Na hapa ndo napopenda zaidi, hivyo mniwie radhi nitaongea sana.

Ng'ombe si kama kitimoto. Nguruwe ukimlisha mafuta laini, mafuta yake yanakuwa laini, anachokula ndicho unachokikuta. Ng'ombe ana lile tumbo kubwa la kwanza limejaa bakteria, na wale bakteria mafuta laini yanayotoka kwenye nyasi na nafaka wanayageuza yanakuwa magumu kabla hata hayajafika kwenye utumbo, kwao ni kama sumu wanaipunguza makali. Kwa hiyo ng'ombe yeyote, awe wa Kongwa au wa Tottori, anapokea kwenye damu yake mzigo mkubwa wa stiariki. Sasa swali linakuwa, huyu wa Tottori hiyo oleiki 55 kaitoa wapi? Kaitengeneza mwenyewe. Ndani ya seli zake za mafuta kuna kimeng'enya, wataalamu wanakiita SCD, kazi yake ni kuichukua ile stiariki, mnyororo wa kaboni 18 ulionyooka, na kunyofoa haidrojeni mbili pale katikati. Basi, hiyo tu. Mnyororo unapinda, na minyororo iliyopinda haiwezi kujipanga ikabanana, mafuta yanalegea. Stiariki imekuwa oleiki.

Kwa hiyo ubora wa mafuta ya ng'ombe ni habari ya kimeng'enya kinafanya kazi kwa bidii gani, na bidii hiyo kwa sehemu kubwa ni ya kurithi. Jeni ya SCD iko kwenye kromosomu ya 26 (ng'ombe ana jozi 30), na watafiti wa Kobe mwaka 2004 walionyesha kwamba kwenye Wagyu weusi kuna herufi moja tu ya DNA inayotofautiana, wengine wana C wengine T, na tofauti hiyo inabadilisha kiungo kimoja cha protini pale nafasi ya 293, kutoka valini kuwa alanini. Wenye alanini mafuta yao yana oleiki zaidi na yanayeyuka kwenye joto la chini zaidi. Herufi moja jamani! Af kuna jeni nyingine inaitwa SREBP1, hii yenyewe ni kama msimamizi, protini yake inaingia kwenye kiini cha seli na kuziamsha jeni nyingine za kutengeneza mafuta zianze kazi, ikiwemo hiyohiyo SCD. Kwa Wagyu kuna wenye kipande cha herufi 84 ndani yake na kuna wasiokuwa nacho, na wasiokuwa nacho ndo wamebarikiwa, mafuta laini yanapanda kwa kama asilimia 1.3 na joto la kuyeyuka linashuka kwa kama digrii moja na nusu. Halafu kuna FASN kwenye kromosomu ya 19, hiyo ndo inajenga mafuta kutoka mwanzo kabisa, na aina utakayorithi inaamua mizani kati ya minyororo mifupi na mirefu.

Mtu akisoma hivyo anaweza kusema aah basi ni rahisi, unapima jeni tatu, unachagua dume, umemaliza. Hapana. Kila moja ya hizo inachangia kidogo, asilimia moja hapa, nusu digrii pale, na nyuma yake kuna nyingine kibao zenye mchango mdogo zaidi ambazo ukizijumlisha ndo zinabeba mzigo mkubwa. Ndo maana siku hizi wafugaji hawaangalii jeni moja moja, wanapima maelfu ya alama kwenye DNA nzima ya ndama kwa mpigo mmoja na kukadiria atatoa mafuta gani kabla hata hajaacha kunyonya. Na kwa kuwa oleiki inarithiwa kwa nguvu kweli kuliko tabia nyingi za mifugo, uchaguzi unalipa haraka.

Tena jeni zenyewe hazifanyi kazi hewani. Dume asiyehasiwa ana oleiki ndogo, maksai anamzidi, na mtamba anawazidi wote. Umri nao, kadiri mnyama anavyokaa ndivyo kile kimeng'enya kinavyozidi kuchapa kazi, Wagyu anachinjwa akiwa na miezi kama 28 mpaka 30 wakati sehemu nyingine duniani ng'ombe wa kunenepeshwa anaondoka mapema zaidi. Chakula chenye wanga mwingi, shayiri, mahindi, pumba za ngano, kinapandisha insulini na insulini inaamsha yule msimamizi niliyemtaja. Na kuna ile mbinu ambayo mimi siipendi hata kidogo, ya kumnyima vitamini A katikati ya kipindi cha kunenepesha kwa sababu vitamini A inazuia seli za mafuta kukomaa. Wakizidisha, mnyama anaharibika macho mpaka upofu. Mfugaji makini anapima damu na anarudisha vitamini kwa wakati, lakini ujue unapofurahia yale mafuta meupe yaliyofuma ndani ya nyama kuna hesabu kali imepigwa na si kila zizi linaipiga vizuri.

Sasa mgahawa. Nilikwenda kwenye yakiniku moja mjini, sitaitaja jina maana nina malalamiko na sitaki ugomvi.

Pale mlangoni wamebandika karatasi ya ng'ombe wa siku hiyo, na hiki kitu kinapendeza sana. Japani tangu walivyopata kichaa cha ng'ombe 2001 walitunga sheria 2003, kila ng'ombe ana namba yake ya tarakimu 10, inaanzia kwenye hereni ya sikio mpaka kwenye pakiti ya nyama. Unaichukua ile namba unaingiza kwenye tovuti ya serikali kwa simu, inakuletea kazaliwa lini, jinsia, ni aina gani, namba ya mama yake, kakaa wapi na wapi, kachinjwa lini. Baba haonekani kwenye tovuti, lakini ile karatasi ya mlangoni ilikuwa nakala ya cheti cha ndama, hiyo ndo ina baba na babu wa upande wa mama na ina alama ya pua. Ndio, pua. Ndama wa Wagyu anachukuliwa chapa ya pua kama sisi tunavyochukuliwa alama za vidole NIDA. Nikaingiza namba: mtamba, Mweusi wa Kijapani, kazaliwa na kukulia Tottori humuhumu. Nikasema leo nimefika.

Nikaagiza ile seti ya watu wawili, kulikuwa na ulimi, mbavu, sarloini, bega na paja. Malalamiko yangu yako hapa: mbwembwe zote za mlangoni, na stika ya Oleini 55 kubwa kwenye menyu, kumbe ulimi hauhusiki. Nilimuuliza kijana wa pale akaenda jikoni akarudi kwa adabu zote za Kijapani akasema ulimi ni wa kutoka nje. Na ni kawaida, ulimi mwingi Japani unaagizwa, na ile sheria ya namba haigusi ulimi wala matumbo. Lakini menyu iliandikwa kwa namna ambayo mtu wa kawaida anaamini seti yote ni ya huyo mtamba wa mlangoni. Hiyo si sawa. Pili, kila kitu walitaka kukitumbukiza kwenye sosi nzito tamu ya soya. Nyama ambayo mtu kaichagulia jeni vizazi na vizazi unaiosha na sosi ya nini? Omba chumvi na wasabi, wanayo, ila mpaka uombe.

Mbavu: nzuri, laini mno, kipande cha pili nikaanza kuchoka. Sarloini: hapa nitasema ukweli ambao wapenzi wa A5 hawataupenda, ni kipande kimoja tu ndo kina raha. Jedwali la serikali la virutubisho linaonyesha sarloini ya Wagyu mbichi pamoja na mafuta yake ina gramu 47.5 za mafuta kwenye gramu 100, protini haifiki hata 12. Karibu nusu ya unachotafuna ni mafuta. Yanayeyuka, sawa, hayagandi mdomoni kabisa, sawa, lakini tumbo linajua kuhesabu.

Bega sasa. Kuna kipande cha bega wanakiita misuji, kina mshipa mmoja katikati, mafuta yake ni ya wastani, na hapa ndo niliielewa hiyo 55. Ukiwa na mafuta machache ndo unaonja aina yake. Kiligusa jiko upande huu, upande ule, ladha ya nyama ipo, unatafuna kweli, halafu mafuta yanakuja laini na yanaondoka bila kuacha utando. Na kuna harufu. Wajapani wanaizungumzia sana harufu ya Wagyu, tamu tamu hivi, na wamegundua inajitokeza vizuri zaidi nyama ikipashwa kwenye joto la kama digrii 80, na kati ya vitu vinavyoileta ni laktoni, kemikali ambazo zimo pia kwenye nazi. Mimi mtoto wa Tanga mniambie harufu ya nazi siijui? Iko pale, kwa mbali, hasa ukiichemsha kwenye maji badala ya kuichoma moto mkali. Paja lilikuwa zuri pia na ndo kipande ninachonunua supamaketi sasa hivi, bei inavumilika na stika ni ileile kwa sababu kipimo ni cha mnyama, si cha kipande.

Ila usije ukaifanya nyama choma. Kuna jamaa yangu alinunua mbavu za hii nyama akaziweka kwenye mkaa kama tunavyofanya, moto ule wa kukausha mpaka pembeni kukauke, mafuta yote yakadondokea kwenye makaa, moshi mpaka majirani wakafungua madirisha, kilichobaki kilikuwa kitamu lakini kilikuwa nusu ya alichonunua. Nyama choma yetu inataka Borani au zebu aliyetembea, nyama yenye misuli, mafuta ya nundu yanayovumilia moto. Hizi ni nyama mbili za kazi mbili tofauti na mimi sioni sababu ya kuzishindanisha, nikiwa na njaa ya kweli nachagua mbavu za Pugu kila siku.

Kuna hili la afya linalopigiwa debe, eti oleiki ni mafuta ya zeituni, kwa hiyo Wagyu ni dawa ya moyo. Taratibu. Ni kweli oleiki haipandishi lehemu mbaya kama palmitiki. Lakini stiariki, ile ambayo kimeng'enya kinaigeuza, nayo haina makosa makubwa kwenye lehemu, mkosaji mkubwa ni palmitiki na bado imo humo kwa wingi. Faida ya kweli ya 55 iko mdomoni. Anayekuuzia kama dawa mwulize kwa nini anapima kwa gramu 80 kwa sahani.

Nirudi kidogo kwa Ketaka maana bila yeye stika haipo. Alizaliwa 1959, na mwaka 1966 yalipoanza mashindano ya taifa ya Wagyu pale Okayama akashinda upande wa madume ya nyama, akaacha watoto zaidi ya 9,000, na damu yake ikasambaa mpaka kusini kule Kagoshima na Miyazaki. Ni moja ya nguzo za Wagyu weusi wote wa leo. Nguzo kubwa kuliko zote ni dume mwingine anayeitwa Tajiri (jina la Kijapani hilo), wa mkoa wa jirani wa Hyogo, alizaliwa 1939, na uchunguzi wa ukoo ulikuta asilimia 99.9 ya majike wazazi wa Wagyu weusi Japani nzima wanatokana naye. Hebu fikiria, nchi nzima babu mmoja. Utamu umepatikana lakini magonjwa ya kurithi nayo yamejikusanya, kuna la figo linaloitwa upungufu wa klaudini 16, siku hizi wanapima DNA ili wabebaji wawili wasipandishwe. Kwa hiyo Tottori kuendelea kuutunza ukoo wao wa Ketaka si majivuno ya kijimbo tu, ni akiba ya nchi. Kwenye mashindano hayohayo ya taifa, mwaka 2017 kule Miyagi, Tottori waliwashangaza wakubwa wakashika namba moja upande wa nyama, na 2022 kule Kagoshima mashindano yakaweka kabisa kundi la ubora wa mafuta, yaani nchi nzima imeanza kuhama kutoka kwenye wingi kwenda kwenye aina. Hawa wa huku walikuwa wameshaanza kuandika namba kwenye pakiti zamani.

Na kwa wafugaji wa nyumbani, najua swali linalokuja, "mbegu tunapataje?" Kutoka Japani hampati. Wanyama hai waliacha kutoka mwishoni mwa miaka ya 1990, na baada ya mtu kukamatwa na mirija ya mbegu na viinitete akijaribu kuvipeleka China mwaka 2018, walitunga sheria 2020 inayolinda vinasaba vya Wagyu kama mali. Kinachozunguka duniani kihalali ni uzao wa wale walioingia Marekani na Australia kabla ya hapo. Hizo unaweza kuzikuta, Afrika Kusini wapo wanaofuga. Lakini kabla hujamlipa mtu wa uhimilishaji, jiulize ile nusu nyingine ya hadithi unayo? Chotara wa Wagyu na Borani ukimwachia kwenye nyasi za kiangazi za Kongwa, yule msimamizi wa mafuta hatapata insulini ya kumwamsha, na hutamfikisha miezi 30 bila kulia gharama. Kupe na ndigana kali navyo havijui cheti cha pua. Mimi nikiwa na hela hiyo ningeanza kupima Borani na Mpwapwa wetu wenyewe, SCD wanayo, kila ng'ombe anayo, tuone nani ana aina gani kabla ya kununua ya jirani.

Ndugu zangu Waislamu, nyama ya kawaida ya supamaketi na ya migahawa hii usiichukulie kuwa ni halali. Machinjio yenye cheti Japani yapo lakini ni machache, na kwenye yakiniku nyingi kitimoto kinapita kwenye jiko hilohilo na sosi ina pombe ya mchele. Uliza cheti kabla ya kukaa.

Alama zangu: nyama yenyewe nyota nne na nusu, ikiwa ni bega au paja, sarloini nyota tatu na nusu kwa sababu ya ile nusu ya mafuta. Mgahawa nyota tatu, ya tatu ni ya yule kijana aliyekubali kwenda jikoni kuuliza. Ukienda, usichukue seti, agiza misuji na paja peke yake, sema sosi waache, na namba ya tarakimu 10 ipige picha kabla hujala maana wakibadilisha ng'ombe wanabandua karatasi.